Neno Moja, Nyumba Nzima

Kabla sijaona kitu asubuhi ile, nilisikia ufagio. Ukungu wa Kasulu ulikuwa umeingia hadi chumbani, na mimi nilikuwa nimerudi jana yake kutoka shule ya bweni, sijakizoea tena kitanda cha nyumbani. Ufagio ulikwaruza mara tatu, ukanyamaza, na sauti ya mwanamke ikasema neno moja la Kiingereza. Ufagio tena, mara tatu. Neno lile lile. Take. Nililala nikisikiliza, nikadhani kuna mtu anamkemea kuku.

Nilipotoka nilimkuta Mamdogo chini ya upenu, amejifunga kanga kifuani, ufagio mkononi. Alikuwa mdogo wake mama wa tumbo moja, na mimi alinizidi miaka mitatu tu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda kidogo chini ya kiwiko, kama tawi lililokua likikwepa ukuta.

"Umeamka, mwanangu?" akaniuliza. Aliniita mwanangu kwa makusudi, kwa sababu nilikuwa nimempita kwa urefu.

"Unamfukuza nani kwa Kiingereza?"

"Simfukuzi mtu. Namwita. Tangu juzi namwita, haji."

Kisa cha mkono ule kila mtu nyumbani alikijua na hakuna aliyekisimulia. Mamdogo aliolewa Kitahana, upande wa Kibondo, akiwa na miaka kumi na sita. Baada ya mavuno mawili aliteremshwa kwenye lori mbele ya nyumba yetu, mkono umefungwa kwa kanga na vipande viwili vya mwanzi. Mama alimpeleka hospitali. Mfupa ukaungwa, si vizuri sana, na plasta ilipokatwa yeye hakurudi nyumbani moja kwa moja. Aliomba ufagio. Tangu siku hiyo alikuwa akifagia wodi ya wanawake kama kibarua, na jioni akirudi alituambia nani amepona na nani kageuziwa ukutani asiamke tena, kana kwamba wote ni ndugu zake.

Sasa hospitalini lilikuwa limebandikwa tangazo. Wasichana waliomaliza darasa la saba waliitwa Kibondo kufanyiwa usaili wa kujiunga na mafunzo ya uuguzi. Waje na cheti na kalamu. Chini kabisa, mstari ambao Mamdogo alikuwa ameunakili kwa mkono kwenye kipande cha karatasi ya wodi, ulisema kwamba kila msichana aje amejiandaa kueleza maana za neno la Kiingereza take, jinsi litumikavyo kazini. Wafagizi wenzake walimwambia kwamba daktari mkuu, mzungu mzee, ndivyo alivyo. Kila mwaka huchagua neno moja dogo. Anasema anayelijua neno dogo vizuri hatamuua mgonjwa.

"Na usipopita?" nilimwuliza, ingawa jibu nililijua.

Alinyanyua ufagio, akauelekeza upande wa kaskazini, kwenye ukungu, kuliko na barabara ya Kibondo. "Babu yako ameshakunywa," akasema.

Yaani mume wake alikuwa amekwenda kwa babu kuomba radhi, akiwa na wazee wake wawili na mtungi wa pombe ya ndizi. Babu akanywa. Kwetu Buha mzee akishaipokea pombe ya radhi akainywa, shauri limekwisha. Aliyekunywa amekubali. Wakapanga kwamba maharage yakishavunwa wangekuja Kasulu kumchukua mke wao, wampeleke kwenye nyumba mpya, maana watu wa kule walikuwa wameshahamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zikasimama mstari mmoja kama wanafunzi. Yake ilikuwa ya tatu kutoka barabarani. Ilikuwa Desemba. Maharage yalikuwa yameanza kukauka shambani. Kila jua lilipotoka kwa nguvu, mimi niliogopa.

Nilikuwa na kamusi. Mwalimu wangu alikuwa ameniazima kwa likizo, kamusi isiyo na jalada, kwa sharti kwamba isikae jikoni. Ilikaa jikoni likizo nzima. Tuliifungua siku hiyo hiyo, kando ya sufuria ya viazi, na nikatafuta neno letu huku nimejivuna kidogo, maana nilidhani nalijua. Take ni kuchukua. Mtoto anachukua kikombe, basi.

Neno lile lilikuwa limejaza kurasa mbili kasoro kidogo, kwa herufi ndogo kama punje za ulezi. Nilisoma, nikatafsiri, na kadiri nilivyoendelea ndivyo maana zilivyozidi. Mgonjwa akinywa dawa, Mwingereza anasema ameichukua. Muuguzi akipima joto la mwili, amelichukua. Akihesabu mapigo ya moyo, ameyachukua. Picha inachukuliwa. Mtihani unachukuliwa. Ushauri unachukuliwa, hata kiti kinachukuliwa, na bado kiko pale pale kimekaliwa.

"Ngoja kwanza," Mamdogo akasema. "Muuguzi akichukua joto la mgonjwa, mgonjwa anabaki baridi?"

"Anabaki na homa yake."

"Basi hajachukua kitu. Hawa watu wana mikono mingapi?"

Chini zaidi kamusi ilikuwa imepanga jamaa za neno lile, na nilizipenda kuliko lenyewe. Pokea, kubali, twaa, nyakua, beba, ondoa, vumilia. Nilimwambia Mamdogo kwamba kila moja lina tabia yake. Kunyakua kuna haraka na aibu kidogo. Kupokea kuna mikono miwili. Kutwaa kunanukia kanisani. Yeye alisikiliza kwa adabu, kisha akasema yote hayo ni mazuri lakini atayakumbukaje, maana kichwa chake si kabati.

Siku ya pili nikamwambia kwamba na sisi tunalo neno la namna hiyo. Piga. Akaduwaa, halafu akalielewa, tukaanza kushindana. Piga pasi, piga deki, piga mswaki, piga hodi, piga picha, piga kura, piga magoti, piga miayo. Alicheka mpaka akafuta macho kwa pindo la kanga. "Siku Mwingereza atakapokuja kufanyiwa usaili na sisi," akasema, "atakoma." Tukaendelea kutafuta. Kisha, macho yake yakiwa kwenye moto, akasema kwa sauti ya kawaida, "Na ile yenyewe."

Akageuza viazi.

Namna ya kuyakumbuka aliigundua mwenyewe, na wala haikutoka kwenye kamusi. Alikuwa mfagizi, na mfagizi hufuata njia. Kila asubuhi alianza mlangoni, akazunguka sebule kwa mkono wa kulia, akaingia kwenye korido, vyumba, jikoni, akamalizia nje kwenye jalala la majivu. Kwa hiyo kila maana akaipa mahali pake kwenye njia ile. Kumpokea mgeni aliiweka mlangoni. Kukaa kitini, kwenye kiti cha baba. Muda ambao kazi inahitaji, chini ya saa ya ukutani. Kuandika maelezo, kwenye redio, kwa sababu baba alikuwa na tabia ya kuandika bei za mazao zilipotangazwa. Kuvua nguo ilining'inia kwenye kamba ya kanga. Kubeba ilikuwa kwenye ndoo, kumeza dawa kwenye rafu, kuondoa kwenye majivu. Tulikusanya maana thelathini na moja, na nyumba yetu ndogo ya serikali, yenye vyumba vitatu, ikajaa mpaka nikaona haya kupita bila kusema samahani.

Kuoa mke aliiweka kwenye mlango wa chumba cha mama na baba. Akifika hapo ufagio ulikwenda upesi.

Kila asubuhi nilimsikia akizunguka. Akikosea nilikaa kitandani nikishika shuka. Mama hakutusaidia wala hakutuzuia. Alipita na ungo wake wa maharage, akasimama, akasikiliza, akaondoka. Siku moja alisema bila kumwangalia mtu, "Pombe ikishanywewa haitapikwi." Baba, ambaye alikuwa bwana shamba na mtu mpole, alikuwa akijificha nyuma ya gazeti la wiki iliyopita.

Jirani yetu, mama mmoja wa makamo, alikuja siku ile kuomba moto. Akamkuta Mamdogo na karatasi yake.

"Nasikia siku hizi unajua Kiingereza," akasema.

"Mimi? Sijui kitu, mama. Nababaisha tu."

"Hebu tusikie kidogo."

"Aa, nitakuchosha."

"Sema, mwanangu."

Ndipo Mamdogo akasema, maana kumi na mbili bila kupumua, na jirani akapiga makofi taratibu, akachukua kaa lake la moto akaenda zake. Mimi nilikuwepo. Sikuona ajabu yoyote. Ndivyo tulivyolelewa wote. Mgeni akiuliza kuna nini chunguni, unasema hamna kitu, maharage tu, na chungu kimejaa. Mkubwa akikuuliza unachokijua, unasema hujui. Anakuuliza tena, unasita. Mara ya tatu unasema, na hapo unasema vizuri. Bibi alikuwa akituambia kwamba anayejibu upesi ana njaa.

Tuliondoka Kasulu kwa lori la chumvi. Mwenye lori alikuwa mfanyabiashara wa mjini, mtu mwenye asili ya pwani, kofia ya kufuma haimtoki kichwani, aliyekuwa akileta chumvi kutoka Uvinza na kuipeleka Kibondo. Mama alimwomba tukae juu ya magunia.

"Wakae," akasema. "Lakini mvua ikinyesha turubai ni la chumvi. Chumvi ikilowa haikauki. Nyie mtakauka."

Mvua ilinyesha. Tulikwama mara mbili kwenye tope jekundu, mara moja kabla ya Makere na mara moja mbele yake, tukateremka na kukata matawi. Juu ya magunia Mamdogo alikuwa akifagia nyumba yetu kwa midomo, chumba baada ya chumba, mvua ikimtiririka usoni. Tulipokaribia njia panda ya kwenda Kitahana alinyamaza katikati ya neno. Akajilaza kati ya magunia, akavuta turubai, akajifunika kabisa. Palikuwa na wanaume watatu wakijikinga mvua chini ya banda la kahawa, na baiskeli moja. Niliwaangalia mpaka walipopotea. Sikujua kama mume wake ni mmoja wao. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku ya harusi, na siku ya harusi kila bwana arusi ni mpole.

"Wamepita?" sauti ikauliza kutoka kwenye chumvi.

"Sisi ndio tumepita."

"Mwanangu, usinifundishe Kiswahili tena. Kiingereza kinatosha."

Kibondo tulilala kwa mfagizi mmoja wa hospitali, shoga yake Mamdogo. Kesho yake tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi, wasichana kumi na watatu waliopakwa mafuta mpaka magoti yanang'aa, pamoja na mama zao, dada zao, na mimi. Ndani walikuwa watu watatu: daktari mzungu, metroni aliyevaa nyeupe, ambaye kwa matamshi yake alikuwa mtu wa Tanga au karibu na huko, na karani. Karani alikuwa akifungua mlango, anaita jina, anafunga. Wasichana waliingia na kutoka. Mmoja alikaa muda mrefu, akatoka, akatuambia kwamba ametaja maana nane. Moyo wangu ukatulia kidogo. Nane. Sisi tulikuwa na nyumba nzima.

Mamdogo aliitwa karibu na saa sita. Alivua kandambili, akaingia ameinama. Mlango ukafungwa. Nilianza kuhesabu mwenyewe: mlangoni, kitini, chini ya saa. Sikufika kwenye redio. Mlango ukafunguka, akatoka. Muda aliokaa ndani ulikuwa wa kumenya ndizi moja.

Kilichonitisha ni uso wake. Ulikuwa mtulivu. Alikaa kando yangu, akapanga kanga magotini.

"Wamesemaje?"

"Wamesema asante. Nadhani wataniita tena."

"Umetaja ngapi?"

"Bado." Akainama akanong'ona, kama anayenieleza jambo la wakubwa. "Daktari aliniuliza, unajua maana ngapi za neno hili? Nikamjibu kwa adabu, bwana, mimi sijui kitu. Akaniangalia. Nikainamisha macho, nikasubiri. Yule mama naye akaniangalia. Tukasubiri wote. Halafu wakasema asante."

"Ulisubiri nini?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyetoka ng'ambo. "Aniulize tena."

Miaka mitatu shuleni nilikuwa nimefundishwa kunyoosha mkono na kudata vidole, mimi mwalimu, mimi mwalimu, kabla hata swali halijaisha. Nilikuwa nimesahau kwamba niliwahi kuwa mtu mwingine. Nilimfundisha maana thelathini na moja, na sikumwambia kwamba mle ndani hakuna mara ya pili.

Karani alitoka kuvuta sigara. Nikamfuata hadi kwenye kona.

"Kaka, yule aliyetoka sasa hivi. Anajua. Anajua zote."

"Najua anajua," akasema. Alikuwa kijana mwenye masharubu machache. "Mimi ni Muha wa Buhigwe. Alipoinamisha macho nikajua anangoja nini. Wenyewe wameshamwekea alama. Hajui kitu."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Kazi yangu ni kuita majina, dada."

"Basi niingie mimi niwaeleze."

"Ukiingia wewe wataandika kwamba wewe unajua." Akatupa kisigara. "Wamebaki watatu. Wakimaliza wanakula, na gari lao linaondoka."

Nilirudi kwenye benchi nikamweleza Mamdogo, maneno yakinigonga meno. Hakulia. Alikaa muda akiangalia mlango. Wa kwanza kati ya wale watatu akaingia.

"Rudi ndani," nikamwambia.

"Nimeshaagwa."

"Rudi."

"Mwanangu, mtu haingii alikoagwa. Watasema nina wazimu. Watasema amelelewa na nani." Akashika kiwiko chake cha kushoto kwa mkono wa kulia, kama alivyozoea kukiwa na baridi. "Ningekuwa napigiwa hodi na mtu wa namna hiyo ningemfungulia mbwa."

Wa pili akaingia. Akatoka. Sikuwa na neno lingine la kumwambia, na mpaka leo nashukuru kwamba sikuwa nalo, maana lolote ambalo ningesema lingekuwa langu. Karani akamwita wa mwisho, msichana mdogo aliyekuwa ameinama akitafuta kiatu chake chini ya benchi. Mlango ulikuwa wazi. Mamdogo akasimama, akapita mbele ya yule msichana, akaingia. Karani alimwona vizuri kabisa. Akaangalia pembeni, akaufunga mlango.

Nilikimbilia dirishani. Lilikuwa juu, sikuona kitu ila dari. Nilisikia sauti ya metroni.

"Dada, jina lako limeshapita."

"Najua, mama. Nimerudi."

Daktari akasema jambo kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu mwenye njaa. Na kabla hajamaliza, bila kuulizwa na mtu, Mamdogo akaanza. Alianza mlangoni kwetu. Alimpokea mgeni. Alikaa kwenye kiti cha baba, akapita chini ya saa, akaandika bei za mazao. Kiingereza chake kilikuwa na mdundo wa Kiha, kinapanda pale pasipopanda, lakini kila neno lilikuwa mahali pake na nilikuwa nayaona yote: kamba ya kanga, ndoo, rafu yenye chupa ya dawa ya kikohozi. Alipima joto. Alihesabu mapigo. Kwa nusu saa au dakika tano, sijui, nyumba yetu ya Kasulu ilisimama ndani ya ofisi ile, na mimi nilikuwa nje ya dirisha nimeshika ukuta.

Akafika koridoni akanyamaza.

Nilijua yuko wapi. Alikuwa kwenye mlango wa mama na baba. Nikalisema lile neno kwa midomo bila sauti, oa, kuoa mke, sema, na kimya kikazidi, na nikasikia kalamu ikiwekwa mezani. Kisha akaendelea. Alikuwa ameshaingia jikoni. Akafika kwenye majivu, akamaliza.

"Kwa nini ulisema hujui?" metroni akauliza.

"Nilikuwa nangoja mniulize vizuri, mama."

Metroni alicheka, kicheko kifupi cha puani. Daktari hakucheka. Aliuliza amesema nini, akatafsiriwa, halafu akasema barua zitatumwa.

Njiani kurudi nilimwambia kwamba maana ya kuoa aliisahau.

"Sikuisahau," akasema, akalala juu ya turubai, kichwa chake kwenye mapaja yangu.

Nimewahi kungoja mambo mengi tangu wakati ule, lakini sijawahi kungoja kama nilivyongoja mwezi ule. Maharage yaling'olewa. Yakatandazwa uani, yakapigwa kwa fimbo, yakapepetwa. Kila siku nilikwenda dukani kwa mwenye lori, ambako barua za mtaa zilikuwa zikiachwa, na kila siku alinyanyua kofia yake kama anayetafuta chini yake, akasema hamna, binti. Mamdogo aliendelea kwenda kufagia wodi. Nyumbani hakusema tena lile neno. Ufagio ulikuwa unapita kimya, na kimya kile kilinitisha kuliko makosa yake yote.

Barua ilikuja siku ya Alhamisi. Amechaguliwa. Afike chuoni, Kigoma mjini, Jumatatu, na blanketi moja, sahani, na sare mbili atakazoshonewa huko. Alinipa niisome mara tatu. Kisha akaikunja, akaiweka ndani ya kamusi, kwenye kurasa zile mbili.

Jumamosi mchana babu alifika kutoka Kibondo. Alikuja na wazee wawili wa Kitahana. Mume mwenyewe alibaki nje, anafuta tope kwenye baiskeli. Mamdogo alipiga magoti, akawaamkia wote kwa kupiga makofi taratibu jinsi ipasavyo, akauliza habari za safari, za mvua, za ng'ombe, za bibi, mmoja mmoja, nao wakajibu mmoja mmoja. Mama alileta maji. Tukakaa.

"Binti," babu akasema, "tumekuja."

Mamdogo alimpa baba barua. Baba aliisoma kwa sauti, polepole, akiifasiri kwa Kiha mahali palipohitajika. Alipomaliza, mmoja wa wazee wa Kitahana akakohoa.

"Ni ya nani hiyo?" babu akauliza.

"Ya serikali, mzee."

"Serikali ilikuwepo tulipokaa kwenye mtungi?"

Baba akaikunja barua. "Mzee, mimi ni mkwe tu hapa. Lakini kazi hii aliitafuta mwenyewe, na ameipata."

"Sikuulizi wewe. Barua haikunywa pombe. Mimi nilikunywa." Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitia hofu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka. "Nikirudi na wazee hawa mikono mitupu, nani ataniamini tena kijijini? Sema wewe, binti. Unataka nini?"

"Naondoka na lori la leo, baba," Mamdogo akasema. "Linakwenda Uvinza tupu. Litanifikisha kwenye treni."

Nilisikia mnyororo wa baiskeli nje, ukizungushwa bure.

"Sawa," babu akasema. "Siwezi kukufunga kamba, si mbuzi. Lakini nani atakusindikiza?"

Hakuna mtu wa kwetu anayeweza kulisikia swali lile bila kutetemeka. Binti anayetoka nyumbani hubebewa mzigo na nduguze hadi kijitoni, wakubwa mbele, watoto nyuma. Asiyesindikizwa amefukuzwa. Babu alituangalia mmoja baada ya mwingine, baba, mama, mimi.

"Atakayemsindikiza," akasema, "asije kwangu. Hata kunizika."

Nilikuwa nimeshavaa viatu. Nilisimama. Mkono wa mama ukanishika kwenye kifundo, kwa nguvu ambayo sikujua anayo, nami nikakaa, na kukaa kule nimekubeba tangu siku hiyo.

Mamdogo alipiga magoti tena mbele ya babu, akapiga makofi kumuaga. Babu alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe. Akamuaga baba, akawaaga wazee wa Kitahana, akamuaga mama, ambaye midomo yake ilitikisika. Kwangu alisimama kidogo tu. Kisha akanyanyua sanduku la bati na blanketi, vyote kwa mkono wa kulia, akatoka kwenye mwanga wa nje, akipita karibu na baiskeli bila kugeuza kichwa.

Mama akaniachia. Akapita katikati ya wageni, akasimama kizingitini muda wa kuvuta pumzi moja, halafu akaufunga mlango kwa ndani, taratibu, kwa viganja vyote viwili.